Mwalimu Hataki Kuhamia Mbezi

Mtu wa kwanza kufeli mtihani wa kumtunza Mwalimu alikuwa binti yake wa kumzaa. Alipata alama tisa kati ya ishirini. Karatasi yake ilisahihishwa kwa kalamu nyekundu, ikatiwa sahihi, kisha akarudishiwa mbele yetu sote tuliokuwa barazani asubuhi ile.

"Kwenye usafi umejitahidi," Mwalimu alimwambia. "Kwenye kumsikiliza mgonjwa uko chini sana. Rudi Dar kwa amani, mwanangu. Utakuwa unakuja kunisalimia."

Binti huyo, Rukia, ni mtu mzima mwenye wajukuu na cheo ofisini kwake. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani, akatugeukia sisi majirani.

"Mnacheka nini? Nyinyi mngepata ngapi?"

Wengi wetu tuliwahi kufundishwa na mama yake, na tulijua tungepata ngapi.

Mwalimu alifundisha Sayansi Kimu katika shule za msingi za Bagamoyo, na miaka michache ya ujana wake huko Miono. Alitufundisha kupika, kushona, kufua, kupanga chakula cha mtoto na cha mgonjwa, na kutandika kitanda hata shuka likaze kama ngozi ya ngoma. Alistaafu zamani, lakini jina halikustaafu. Imamu humwita Mwalimu, muuza samaki humwita Mwalimu, na marehemu mumewe, kwa jinsi nilivyokuwa nikimsikia kupitia ukuta tunaochangia, alimwita hivyo hivyo hata walipokuwa wanagombana. "Mwalimu, nimesema sitaki mlenda!" Hilo nililisikia mara nyingi.

Mtihani ulitokana na bafu. Masika ya mwaka juzi aliteleza kwenye sakafu ya saruji ya bafu la uani, akavunjika kifundo cha mkono. Hospitalini walipompima waligundua kwamba mkono ndio uliokuwa tatizo dogo. Sukari yake ilikuwa juu, na inaelekea ilikuwa juu muda mrefu, na chini ya unyayo wa kushoto alikuwa na kidonda ambacho mwenyewe hakukihisi. Alilazwa wodini wiki mbili. Huko aliwafundisha manesi wawili kukunja pembe za shuka, na mmoja wao bado huja kumtembelea.

Alipotoka, watoto wake wawili walikaa kikao. Mwanawe wa kiume, Salimu, alisema yeye atafuata atakaloamua dada yake, kama kawaida yake. Rukia alikuwa ameshaamua. Kwake Mbezi, huko Dar, alikuwa ameandaa chumba chenye vigae, bafu la ndani na televisheni ukutani. Nilikuwepo, kwa sababu niliitwa kama jirani, na pia kwa sababu nisingekubali nisiwepo.

"Chumba kizuri," Mwalimu alisema. "Dirisha linatazama wapi?"

"Linatazama bustani, Mama. Ghorofa ya pili."

"Na huko ghorofa ya pili, nani anapita dirishani aseme shikamoo?"

"Mama, hapiti mtu. Ni juu."

"Basi ndilo nililokuwa nauliza."

Walibishana tangu baada ya adhuhuri mpaka adhana ya alasiri, na mwisho wakafikia makubaliano. Mwalimu atabaki nyumbani kwake, na ataletewa mhudumu wa kukaa naye. Lakini akilazwa tena kwa sababu ya sukari, au mhudumu akiondoka na asipatikane mwingine wa kufaa, atahamia Mbezi bila mjadala. Mwalimu alikubali, kisha akaongeza lake: mhudumu atamchagua yeye mwenyewe.

"Utamchaguaje?" Salimu aliuliza.

"Nilivyokuwa nawachagua nyinyi mpande darasa."

Maswali yalikuwa kumi, kila moja alama mbili, yameandikwa kwa mkono wa kulia, ambao haukuvunjika. Rukia alilifanya zoezi hilo kwa utani, akidhani anamfurahisha mama yake. Swali la tatu lilisema: *Mzee unayemtunza anasema ameshakula, na wewe unajua hajala. Utafanya nini?* Rukia aliandika: "Nitampigia kaka." Swali la sita lilihusu mzee anayekataa dawa. Rukia aliandika: "Nitamlazimisha." Ndivyo zile alama tisa zilivyopatikana.

Baada yake walikuja wanne, kwa siku tofauti. Mmoja alivaa sare safi sana, akajibu maswali yote sawasawa, lakini kila alipozungumza na Mwalimu alipaza sauti kana kwamba anamwita mtu wa ng'ambo ya mto. "BIBI, UMEAMKAJE?" Mwalimu alimjibu kwa kunong'ona mpaka mama wa watu akachoka. Mwingine, kutoka Mlingotini, hakujua kuandika vizuri, akaulizwa kwa mdomo na akapata kumi na nne. Tulimpenda wote. Kwa bahati mbaya alipoona kidole kinachomwa sindano ya kupimia sukari, alikaa chini na tukampepea yeye. Wawili waliobaki walishindwa na swali la saba, ambalo Mwalimu alilipenda kuliko yote: *Umo katika sala. Mzee anakuita kutoka bafuni. Utafanya nini?* Wote waliandika kwamba watamaliza sala kwanza.

"Wacha Mungu," Mwalimu alisema, "lakini mimi watanikuta sakafuni."

Zaituni alikuja wa mwisho. Ni mwenyeji wa Mkange, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana. Aliwahi kupata mafunzo ya uhudumu wa afya ya jamii huko kwao, na kabla ya hapo alimtunza babu yake mpaka mwisho. Alisalimia, akaitikiwa marahaba, akaandika majibu mafupi. La saba alijibu: "Nitaikata. Sala nitairudia, nyonga ya mzee sitaweza kuirudia." Likafuata zoezi la vitendo, la kubadilisha shuka mgonjwa akiwa amelala juu yake. Waliomtangulia walimkamata Mwalimu moja kwa moja wakaanza kumgeuza. Zaituni alisimama kando ya kitanda akauliza:

"Mwalimu, mkono unaouma ni upi? Na umezoea kulala ubavu gani?"

Mwalimu alinitazama mimi. "Umesikia? Wengine wamenigeuza kama samaki wa kukaanga."

Alimpa kumi na saba. Zaituni akataka kujua zile tatu amezikosea wapi.

"Hukukosea. Sijawahi kumpa mtu ishirini."

"Basi na mimi nina sharti," alisema Zaituni. "Kila mwezi nipate siku tatu za kwenda Mkange kumwona mama."

Mwalimu akakubali kabla hajaulizwa mara ya pili.

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Zaituni alikunja mikeka yote ya ukumbini.

"Mikeka hiyo ina umri mkubwa kuliko wewe," Mwalimu alimwambia.

"Ndiyo maana imekunjamana pembe. Utajikwaa."

Alimwita seremala akafunga vishikio viwili bafuni, akaweka taa ya kuwaka usiku kucha ukumbini, akapeleka kanga za kuvaa nje kwenye rafu ya chini ili Mwalimu asipande kigoda. Kila alasiri alimkalisha barazani, akaweka kioo sakafuni, na wote wawili wakakagua nyayo. Wapita njia walisimama kusalimia huku Mwalimu ameinua mguu, na yeye aliwaitikia bila kuushusha. Kidonda kilifunga baada ya miezi miwili. Mwalimu alitutangazia kana kwamba mwanafunzi wake amefaulu.

Ni rahisi kumfanya mtu wa namna hii aonekane mnyoofu katika kila jambo, na hakuwa hivyo. Miaka yote aliyochora ubaoni mafungu ya vyakula, mwenyewe alikunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari na hakuona mgongano wowote. Nilipomuuliza alisema, "Mimi nilikuwa mwalimu wa somo, sikuwa mwanafunzi." Alikataa mkongojo kwa sababu ni wa wazee, akatembelea mwavuli, ambao hata mvua ikinyesha hakuufungua. Aliwasema wanaotupa chakula, lakini jikoni kwake kuna makopo matupu ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyagusa. Na ingawa hakumsifu mtu ana kwa ana, nilishamsikia akinisifia chapati zangu kwa mtu mwingine, kisha siku hiyo hiyo akaniambia ni ngumu.

Sifa yake kubwa kwangu ni kwamba alikuwa mgonjwa anayeuliza. Kliniki alikwenda na daftari. Daktari akimwandikia kidonge, alitaka kujua kinafanya nini, kinaliwa kabla ya chakula au baada, na asipokiona duka la dawa afanye nini. Foleni nyuma yake iliguna. Yeye aligeuka na kuwaambia, "Na nyinyi ulizeni. Mnabeba mifuko ya dawa kama mnabeba unga." Daktari alipomwambia asifunge Ramadhani, alirudi nyumbani amenuna, akalala, na kesho yake akaanza kupanga namna ya kulisha maskini badala ya funga. Hakubishana. Ndiyo maana lililotokea Ramadhani hiyo lilitushangaza.

Siku kumi za kwanza sukari ilipanda. Zaituni alibadilisha ugali, akapunguza wali, akapima kila kijiko. Ikapanda tena. Asubuhi moja kipimo kilisoma kumi na sita, na Mwalimu alikuwa na kiu isiyoisha na usingizi wa mchana. Rukia alipiga simu kila jioni. "Tumekubaliana," alisema. "Akilazwa, anakuja Mbezi. Idi mosi nakuja na gari." Zaituni aliacha kula vizuri. Alinijia uani kwangu, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akasema:

"Jirani, mimi naua mtu bila kujua namuua na nini."

Nilimwambia tupitie siku nzima, saa kwa saa. Nina tabia hiyo. Alianza na alfajiri: dawa, uji wa mtama bila sukari. Akafika jioni.

"Magharibi ikikaribia zinaanza kuletwa sahani za futari. Nazipokea, nampelekea Mwalimu chumbani, narudi kupika."

"Sahani za nini?"

"Sijui."

"Hujui vipi, na wewe ndiye unayezibeba?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Zimefunikwa kawa, jirani. Nimelelewa."

Nikaelewa, na nikaona aibu. Huku kwetu sahani ikiletwa imefunikwa kwa kawa la ukindu, aliyetumwa halifunui. Anayefunua ni mwenye kupelekewa. Mtoto anayechungulia hupigwa kikofi na bibi yake, na mtu mzima anayechungulia husemwa mtaa mzima. Kwa siku kumi na kitu Zaituni, mwanamke mwenye adabu zake, alikuwa amebeba kaimati zinazoelea kwenye shira, tambi za sukari na visheti, akaziweka kwa heshima mbele ya mgonjwa wa sukari, akafunga mlango. Na sahani ya kaimati kubwa kuliko zote, yenye ua la bluu, ilikuwa yangu.

"Na sahani zinarudije?" niliuliza, ingawa nilijua. Hairudishwi sahani tupu. Mwalimu alikuwa akimwagiza Zaituni apike maandazi na vitumbua vya kurudishia, na kila kikitoka motoni alikionja, kwa sababu mpishi asiyeonja anawapelekea watu aibu. Majirani tulipopata sahani zimejaa tulizijaza zaidi. Tulikuwa tunamlisha, anatulisha, na sote tunaona huo ndio wema.

Zaituni alimkabili. Mwalimu hakukana.

"Nimekula," alisema. "Watu wamepika, wameniletea, niwaambie nini? Kwamba vyao vichafu?"

"Uwaambie unaumwa."

"Wanajua naumwa. Ndiyo maana wanaleta."

Jioni iliyofuata Zaituni alisimama mlangoni mwenyewe. Mke wa muuza samaki alifika na sahani. Zaituni aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha pale pale kizingitini, mbele ya mleta, akafunua kawa.

Niliona kwa macho yangu.

"Mashallah, tambi," Zaituni alisema kwa upole. "Hizi hawezi. Kesho ukijaliwa mletee samaki wa kupaka, au mchicha wa nazi nyepesi. Sukari imefika kumi na sita."

Mke wa muuza samaki aliondoka na sahani yake. Kabla ya isha habari ilishazunguka: mtumishi wa Mwalimu anafunua makawa ya watu. Wawili walikuja kumshtaki kwa Mwalimu, na Mwalimu alikasirika kweli. Siku mbili hakumsemesha Zaituni. Alimpa mkono achomwe kidole, alikula alichopewa, alinyoosha mguu ukaguliwe, yote bila neno. Zaituni naye alifanya kazi bila neno, na kila jioni alifunua makawa. La kwangu pia. Nililetewa kaimati zangu nyumbani nikazila mwenyewe kama adhabu.

Siku ya tatu kipimo kilisoma kumi na moja. Mwalimu alikitazama, akamwomba Zaituni amsaidie kutoka nje mpaka barazani. Wale wawili waliomshtaki walikuwa wanapita. Akawaita.

"Nasikia mnasema Zaituni hana adabu."

Wakajibaraguza. "Aa, Mwalimu, tulisema tu..."

"Msiseme tu. Nimemwajiri afunue. Nyinyi nyote niliwafundisha chakula cha mgonjwa, darasa la sita. Wewe ulipata sifuri, nakumbuka. Haya, fanyeni marudio. Kesho nataka kuona mboga."

Basi mtaa ukafanya marudio. Mpaka Ramadhani inaisha, nyumba ile ilipokea kunde, bilinganya, pweza, na kachumbari nyingi kiasi cha kusumbua. Ziliporudishwa, sahani zilijaa njugu mawe za kuchemsha. Idi mosi Rukia alifika na gari kama alivyoahidi. Zaituni hakumwambia kitu; alimkabidhi daftari la vipimo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na saba nukta mbili. Rukia alilisoma lote amesimama, kisha akavua viatu, akaingia, akala wali na mama yake. Gari lilirudi Dar na abiria wale wale.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya jambo la wiki hii, ambalo halijaisha.

Miezi miwili iliyopita mama yake Zaituni alipata kiharusi huko Mkange. Upande mmoja umelegea, ingawa anazungumza. Wifi mtu anamwangalia, lakini ana shamba na watoto. Zaituni alirudi kutoka zile siku zake tatu akawa anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mwalimu alimtazama siku moja nzima, ndipo akauliza, akaambiwa.

"Mlete hapa," alisema. "Chumba cha Salimu kina kitanda."

Zaituni akapiga simu, akaweka sauti nje ili sote tusikie. Mama mtu alijibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kizigua, taratibu, kwa ulimi ulioathirika:

"Mwambie Mwalimu nimeshukuru. Ila kwangu sitoki. Kuku wangu wakiitwa na mtu mwingine hawaji."

Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mwanamke ana akili timamu."

Jumatano nilipita kumsalimia. Nilimkuta kitandani, mkoba mdogo wazi kando yake, anachagua kanga. Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Mkange."

"Kutembea?"

"Kukaa. Mama yake hawezi kuja, na Zaituni hawezi kujigawa. Mwenye kuweza kusogea ni mimi."

"Mwalimu, ulikataa Mbezi kwenye vigae."

"Mbezi nilikuwa napelekwa. Mkange najipeleka."

Rukia alipigiwa simu, na sauti yake niliisikia nikiwa mlangoni. "Mama, barabara ile mvua ikinyesha haipitiki! Ukizidiwa?" Mwalimu alimwambia kwamba hilo ni swali zuri, aliulize tena mbele ya daktari.

Zaituni mwenyewe hakufurahi wala hakukataa. Alisema hajibu kitu mpaka akaone. Alhamisi alikwenda Mkange, na mimi nikabaki na kipimo, vidonge na kioo cha nyayo. Jumamosi akapiga simu. Zahanati ina dawa za sukari, lakini huwa zinaisha. Choo kinahitaji kishikio na sakafu kukwaruzwa isiteleze. Mama yake amekubali ugeni kwa sharti kwamba Mwalimu asimfundishe kupika. Kuhusu yeye mwenyewe alisema tu, "Daktari akituruhusu, tutaongea. Asipoturuhusu, mimi nitabaki huku kwa mama, na sijui Mwalimu nitamwambiaje."

Nilimfikishia Mwalimu maneno hayo kama yalivyo. Aliomba maji, akayanywa yote.

"Kishikio kikae upande wa kulia," akasema.

Leo ni Jumapili. Kliniki ni kesho asubuhi, na daktari ndiye atakayesema kama Mwalimu aende Mkange. Jioni hii Rukia ametuma ujumbe kwamba atafika mapema na gari, tumwandae Mama. Nimemjibu kumuuliza gari la kwenda wapi. Ameusoma ujumbe wangu, na mpaka sasa hajajibu.